Sarafu Isiyo na Uso: Maisha ya Sultani Al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa

Utangulizi

Kila mtawala anayetambua kwamba atakufa hutafuta mahali pa kuliacha jina lake. Wapo waliolichonga katika miamba, wapo waliolijengea majumba, na wapo waliowalisha malenga ili walitie katika tenzi. Hata hivyo, tangu enzi za Warumi hapajapatikana mahali padogo na pa kudumu kuliko sarafu. Jumba huporomoka na utenzi husahaulika. Lakini kipande cha madini chenye upana wa ukucha wa kidole gumba huweza kulala ardhini karne saba, kisha kikafukuliwa kikiwa bado kinamtaja bwana wake.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtawala wa aina hiyo katika pwani yetu: Sultani Al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala takribani kati ya mwaka 1310 na 1333, na ambaye jina lake limesalia katika sarafu za shaba na, kwa nadra kubwa, katika sarafu za dhahabu. Huenda msomaji wa Kericho au Bomet akauliza: ya Kilwa yanatuhusu nini sisi tulio katika milima ya majani chai, mbali na harufu ya bahari? Swali hilo ni la haki. Kwetu sisi Kiswahili hakikuja na majahazi. Kilikuja na reli, utawala, shule na kambi za mashamba ya chai, ambako Mkipsigisi, Mluo, Mkisii na Mluhya walihitaji lugha moja ya kuelewana kwenye mizani. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa bara huisoma fasihi ya Kiswahili kama wageni walioalikwa katika nyumba ya watu. Maisha ya sultani huyu yanatupa nafasi ya kuuliza upya: utajiri uliolijenga jina la Kilwa ulitoka wapi, na ni nani waliougharamia?

Kutoka Roma hadi Kilwa: Safari ya Dinari

Kabla ya kumfikia sultani mwenyewe, yafaa tuifuate sarafu. Warumi ndio walioufanya uso wa mtawala kuwa jambo la kila siku mkononi mwa raia. Tangu wakati wa Augusto, aliyekuwa kaisari wa kwanza, dhahabu ya Roma ilibeba kichwa cha kaisari aliye hai, mara nyingi kikiwa kimevikwa taji la majani ya mlori. Askari aliye mpakani, ambaye hakuwahi kuiona Roma, alimjua bwana wake kwa kumtazama katika mshahara wake. Mwanzoni mwa karne ya nne Kaisari Konstantino alianzisha sarafu mpya ya dhahabu yenye uzito wa gramu 4.5 hivi, nayo ikatumika karne nyingi katika dola ya mashariki iliyokuwa na makao yake Konstantinopoli.

Desturi hiyo ilifika pia Afrika. Wafalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, walianza kutoa sarafu zao za dhahabu mnamo karne ya tatu, zikiwa na sura zao wenyewe. Mfalme Ezana wa karne ya nne, baada ya kuupokea Ukristo, aliziondoa alama za mwezi katika sarafu zake na kuweka msalaba. Kwa hiyo tayari sarafu ilikuwa imekuwa gazeti la dola: habari ya mabadiliko makubwa ilisomwa juu yake.

Waislamu walipoitwaa Shamu na Misri katika karne ya saba, walirithi dhahabu hiyo ya Kirumi. Hata jina dinari limetokana na neno la Kilatini lililotaja sarafu ya fedha ya Warumi. Kwa muda sarafu za makhalifa ziliendelea kubeba picha. Kisha mnamo mwaka 77 wa Hijria, yaani 696 hadi 697, Khalifa Abd al-Malik aliziondoa picha na kuacha maandishi matupu. Tangu hapo, mtawala wa Kiislamu aliyetaka kujulikana kupitia sarafu hakumwita mchongaji wa nyuso bali alimwita mwandishi. Uso wa mfalme ukawa jina lake, na urembo wake ukawa hati na maneno.

Huu ndio ukoo wa sarafu za Kilwa. Ni wajukuu wa dhahabu ya makaisari, ila wajukuu waliovuliwa uso na kuvikwa maneno.

Ukoo wa Mahdali na Ujana wa Al-Hasan

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika pwani ya kusini ya Tanzania, mkoani Lindi. Habari za watawala wake zimetufikia kupitia tarikh iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16, na pia kupitia muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552. Masimulizi hayo mawili hayakubaliani katika kila jambo, lakini yote yanaanza na ukoo unaojiita wa Kishirazi, ambao mwanzilishi wake alikuwa Ali bin al-Hasan. Wataalamu wengi sasa wanaiweka enzi yake katika karne ya 11. Yeye naye alitoa sarafu zenye jina lake.

Kuelekea mwisho wa karne ya 13, utawala uliingia mikononi mwa ukoo mwingine, wa Mahdali, wenye asili ya Yemen na uliojinasibisha na kizazi cha Mtume. Wa kwanza wao kutawala alikuwa al-Hasan bin Talut, na inasemekana alikitwaa kiti kwa nguvu. Mwanawe Sulaiman alimrithi, na mwana wa Sulaiman ndiye huyu Al-Hasan tunayemsimulia. Alikuwa, basi, mjukuu aliyeitwa kwa jina la babu, kama ilivyo desturi ya familia nyingi za Afrika hadi leo.

Tarikh inasimulia kwamba akiwa kijana wa miaka 14 Al-Hasan aliondoka Kilwa kwenda Hija. Njiani alikaa Aden miaka miwili akisoma. Aden ya wakati huo ilikuwa lango la Bahari ya Shamu na mahali pa kukutana kwa wafanyabiashara na wanazuoni kutoka India, Misri na Uajemi. Kijana wa kisiwani aliyekaa huko miaka miwili hakujifunza elimu ya dini peke yake. Aliona pia jinsi masultani wa Yemen walivyojenga, walivyopokea wageni, na walivyotangaza majina yao. Ni vigumu kuyaeleza mambo aliyoyafanya baadaye bila kuikumbuka shule hiyo.

Wakati wa safari yake nduguye Daud alikikalia kiti kwa niaba yake. Al-Hasan aliporudi, Daud alimwachia utawala bila vita. Katika historia ya falme, ambamo ndugu wengi wamechinjana kwa sababu ndogo kuliko hiyo, tendo hili la Daud linastahili kukumbukwa, hasa kwa kuwa tutakutana naye tena mwishoni mwa simulizi akiwa katika sura tofauti.

Dhahabu ya Sofala

Al-Hasan alirithi bandari iliyokaa mahali pema. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni na India, na pepo za kusi ziliyarudisha. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo jahazi liliweza kuyamaliza na kurudi katika msimu mmoja, kwa hiyo bidhaa za kusini zaidi zilikusanywa hapo. Bidhaa kuu ilikuwa dhahabu iliyotoka katika nyanda za juu za Zimbabwe na kuteremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kufikia karne ya 14, Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ya Sofala, ambayo awali ilikuwa chini ya Mogadishu.

Wakati nao ulimpendelea. Mji wa Florence nchini Italia ulikuwa umeanza kutoa sarafu yake ya dhahabu mwaka 1252, na miji mingine ya Ulaya ikaiga. Mahitaji ya dhahabu yakaongezeka katika Bahari ya Kati yote. Ni zama hizo hizo ambapo Mansa Musa wa Mali alipita Kairo mwaka 1324 akielekea Hija, akigawa dhahabu kiasi cha kuzungumzwa kwa vizazi. Afrika ilikuwa na ncha mbili za dhahabu, moja magharibi na nyingine mashariki, na Al-Hasan alikuwa ameketi kwenye mlango wa ile ya mashariki.

Lakini wachimbaji wa dhahabu hiyo hawakuwa watu wa pwani. Walikuwa wakulima na wafugaji wa bara, walioshuka mashimoni na kuchekecha mchanga wa mito. Kipo kitu kidogo kinachoshuhudia uhusiano huo: mnamo mwaka 1971 sarafu ya shaba yenye jina la Al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Sarafu ya shaba haikuwa na thamani kubwa huko. Aliyeibeba huenda aliipenda kama pambo au ukumbusho. Hata hivyo inatuonyesha kwamba jina la sultani liliwahi kupanda mlima kwa njia ile ile ambayo dhahabu ilishukia.

Baba wa Vipawa

Sultani huyu alijulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Mgeni maarufu aliyetuachia habari za lakabu hiyo ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, aliyeifikia Kilwa mwaka 1331 baada ya kupitia Mogadishu na Mombasa. Kitabu cha safari zake kiliandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa imla, na kumbukumbu ya mtu ina mipaka yake. Kwa mfano, anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, ilhali akiolojia imefichua majengo makubwa ya mawe ya wakati huo huo. Pamoja na hayo, picha anayoichora ya sultani ni hai.

Anamwonyesha mtu mnyenyekevu, aliyeketi na mafukara na kula nao, na aliyewaheshimu watu wa dini na masharifu. Masharifu walimjia kutoka Hijazi na Iraki, nao walipokea fungu lao la moja kwa tano ya ngawira, aliloliweka kando katika hazina kwa mujibu wa sheria.

Kisa anachokisimulia zaidi ni cha fukara mmoja wa Yemen. Siku ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani, fukara huyo alimkabili njiani na kumwomba nguo zile alizozivaa. Sultani alikubali. Alipohimizwa ampe wakati huo huo, alirudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine na kumwita fukara azichukue alizozivua. Watu wakamsifu sana. Mwanawe na mrithi wake alizikomboa nguo hizo kwa fukara kwa kumpa watumwa 10. Habari ya sifa za watu ilipomfikia sultani, aliagiza fukara aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kisa hiki kina muundo kamili wa ngano ya ukarimu: ombi lisilo la kawaida, utiifu wa haraka, na tuzo inayozidi ombi. Tutakirudia baadaye, maana ndani yake mna jambo ambalo Ibn Battuta alilitaja bila kulitazama.

Jumba la Husuni Kubwa

Al-Hasan alikuwa mjenzi. Mashariki ya mji, juu ya genge linaloitazama bahari, alijenga jumba linaloitwa leo Husuni Kubwa. Neno husuni limetokana na Kiarabu lenye maana ya ngome, ingawa jengo lenyewe lilikuwa kasri na ghala kwa pamoja. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa, ngazi za kuteremka hadi ufukweni, ua mkubwa unaodhaniwa kuwa wa kupokelea bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Yote haya yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya mawe ya zama zake kusini mwa Sahara.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aligundua hapo maandishi yenye jina la sultani mwenyewe. Alipata pia vipande vya vyombo vya Kichina vya enzi ya Yuan. Hivyo ndivyo jumba, tarikh, mgeni wa Kimoroko na sarafu vilivyokubaliana juu ya mtu mmoja. Na ni nadra kwa mtawala wa Afrika Mashariki wa karne hizo kuthibitishwa na mashahidi wanne wasiojuana.

Msikiti Mkuu nao uliongezwa katika zama hizo, ukipewa sehemu kubwa yenye kuba na nguzo za jiwe moja moja la matumbawe. Ufundi huo ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa nguzo zenyewe. Sehemu hiyo ilianguka, na watu wa Kilwa waliijenga upya katika karne ya 15 kwa nguzo za namna nyingine. Husuni Kubwa nayo yaonekana haikuwahi kukamilika, na ilikaliwa kwa muda mfupi tu. Mkono uliotoa sana ulijenga pia kwa pupa, na yote mawili yalihitaji hazina isiyokauka.

Sarafu na Vina Vyake

Sasa tuigeukie sarafu. Nyingi kati ya sarafu za Kilwa ni za shaba, na ndizo zilizotumika katika shughuli ndogo ndogo za kila siku mjini na katika visiwa jirani. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba Kilwa, pamoja na dhahabu yote iliyopita mikononi mwake, haikutoa sarafu ya dhahabu. Kisha mwaka 1991 Helen Brown wa Oxford alichapisha taarifa kuhusu sarafu tatu za dhahabu zenye jina la Al-Hasan bin Sulaiman. Tatu tu, lakini zilitosha kubadilisha swali.

Kwa nini atoe dhahabu? Biashara ya nje ingeweza kuendeshwa kwa vumbi la dhahabu lililopimwa kwa mizani, na soko la mjini lilitosheka na shaba. Jibu lenye mashiko ni kwamba dinari ya dhahabu ilikuwa tangazo la hadhi. Aliyekaa Aden akiwa kijana alijua kwamba katika ulimwengu wa Kiislamu haki mbili zilimtambulisha mtawala kamili: kutajwa katika hotuba ya Ijumaa na kuandikwa katika sarafu. Kwa dhahabu hiyo, Al-Hasan alijiweka katika safu moja na masultani wa Yemen na Misri.

Jambo litakalomvutia zaidi mwanafunzi wa ushairi ni namna maandishi ya sarafu za Kilwa yalivyopangwa. Upande mmoja una jina la mtawala na la baba yake. Upande wa pili una maneno ya kutangaza kwamba anamtegemea Mungu mwenye fadhila. Maneno hayo hayakuteuliwa ovyo: sifa ya Mungu huchaguliwa ili ipatane kwa sauti na jina lililo upande wa pili. Kwa hiyo ukisoma upande mmoja kisha ukaigeuza sarafu, unamaliza mshororo na kukutana na kina. Mtawala alipobadilika, sifa ya Mungu nayo iliweza kubadilishwa ili kina kisiharibike.

Tunafundishwa darasani kwamba ushairi wa Kiswahili ulioandikwa ulianza kuonekana katika hati za karne ya 17 na ya 18. Hilo ni kweli kwa hati tulizo nazo, na maandishi ya sarafu hizi ni ya Kiarabu, si ya Kiswahili. Lakini katika miji hii ya pwani, karne kadhaa kabla ya hati hizo, alikuwako mtu aliyelipwa kutafuta kina kitakachokaa juu ya shaba, na walikuwako watu waliokipokea sokoni kila siku pamoja na chenji yao. Masikio yaliyozoea vina hayakuzaliwa na tenzi. Tenzi zilikuta masikio yako tayari.

Tofauti na kaisari wa Roma, basi, Al-Hasan hakutuachia pua wala kidevu. Hatujui kama alikuwa mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Alichagua, au desturi ilimchagulia, kuonekana kama sauti. Uso wake ni kina.

Upande wa Pili

Kila sarafu ina pande mbili, na ya sultani huyu haiwezi kuachwa ikiwa imelala upande wa sifa. Ibn Battuta mwenyewe anasema kwamba Al-Hasan alifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi ya bara iliyo jirani, akawateka watu na kutwaa mali. Fungu la moja kwa tano walilopewa masharifu lilitokana na ngawira hiyo. Turudi sasa kwenye kisa cha fukara wa Yemen. Nguo moja ililipwa kwa binadamu 20. Msimuliaji anatutajia idadi yao kama anavyotaja mizigo ya pembe, kisha anaendelea na safari.

Hao 20 walikuwa nani? Waliitwaje na mama zao? Walilia kwa lugha gani? Hakuna sarafu iliyobeba majina yao, wala kina kilichotafutwa kwa ajili yao. Ukarimu uliompa sultani lakabu ulilipwa na watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuwa wakarimu. Haifai kumhukumu mtu wa karne ya 14 kana kwamba alisoma katiba zetu. Utumwa ulikuwapo Kairo, Venice na Delhi wakati huo huo. Lakini haifai pia kwa mwandishi wa leo kukirudia kisa hicho kama ngano tamu ya mfalme mwema na kuishia hapo. Anayesifu mkono unaotoa hana budi kuuliza mkono huo ulitwaa wapi.

Hapa ndipo msomaji wa milima ya chai anapoingia katika simulizi. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni ilianzisha shilingi ya Afrika Mashariki. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano, amevaa taji, na jina lake limezungushwa kwa Kilatini, lugha ya Warumi, pamoja na cheo cha Kaisari wa India. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1920, kampuni kubwa za chai zilianza kupanda Kericho. Mkipsigisi aliyekuwa amepoteza ardhi, pamoja na jirani aliyetoka Nyanza kutafuta kazi, walijifunza kumjua kaisari kama alivyojifunza yule askari wa Kirumi: kwa kumtazama katika ujira, kisha kumrudisha katika kodi ya kibanda. Senti zenye tundu hazikuwa na nafasi ya uso, hivyo zilibeba jina tu. Aliyechuma majani hakuandikwa popote, isipokuwa katika daftari la nyapara.

Hivyo mchimbaji wa dhahabu ya Zimbabwe, mateka wa bara la Kilwa na mchumaji wa chai wa Kericho wanakutana katika jambo moja: kazi yao ilibeba jina la mtu mwingine. Historia ya pwani si ya watu wa pwani peke yao. Sisi wa bara tumo ndani ya sarafu ile, ingawa hatukutajwa.

Baada ya Kifo

Al-Hasan alifariki mnamo 1333 au karibu na hapo. Nduguye Daud, yule aliyemwachia kiti kwa hiari ujanani, alikikalia tena. Ibn Battuta anamweleza kuwa kinyume cha marehemu: mwombaji akimjia, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi na kuambulia kidogo, mpaka wakaacha kuja. Msimuliaji anamlaumu kwa ubahili. Lakini mtu aliyewahi kurithi nyumba yenye madeni na jumba lisilokwisha angeweza kulisikia jibu hilo kama hesabu ya kweli.

Jina la Al-Hasan liliendelea kutembea. Sarafu zake za shaba zimepatikana Songo Mnara, mji ulio kisiwa cha jirani, ambao ulistawi kuanzia mwisho wa karne ya 14, yaani baada ya kifo chake. Vizazi ambavyo havikumwona viliendelea kununua na kuuza kwa jina lake.

Kilwa yenyewe ilidumu hadi Wareno walipofika. Vasco da Gama aliilazimisha kutoa dhahabu mwaka 1502, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji. Dhahabu ya kodi ile ilifuliwa Lisbon na kuwa chombo kitakatifu cha kanisa kilichokamilika mwaka 1506, ambacho bado kimo katika jumba la makumbusho la mji huo. Dhahabu haina uaminifu. Hubadilisha bwana na kubadilisha sala. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Hitimisho

Makala haya yamemsimulia Sultani Al-Hasan bin Sulaiman tangu ujana wake wa Aden hadi jina lake lilipobaki likizunguka sokoni bila mwenyewe. Tumemwona msomi, mjenzi, mtoaji, na pia mvamizi. Sifa hizo hazifutani. Zote ni za mtu mmoja, na mwanafunzi wa fasihi hapaswi kuchagua moja na kuficha nyingine.

Ipo hatua moja ya mwisho ya kuizingatia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kuwekwa katika noti na sarafu za nchi. Sarafu mpya zilizozinduliwa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu mahali palipokuwa na marais. Bila kukusudia, Kenya imerudi katika desturi ya Kilwa ya sarafu isiyo na uso, na imekwenda hatua moja mbele kwa kuliondoa hata jina. Nafasi hiyo iliyo wazi ni wito kwa wanaosoma na kuandika Kiswahili katika vyuo vyetu. Wazee waliochuma chai tangu kambi za mwanzo wanazidi kupungua, na Kiswahili chao cha mizani na kambini hakijakusanywa ipasavyo. Tukitaka majina yao yasiishie katika daftari la nyapara, kalamu na vinasa sauti vianze kazi sasa, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.